Dola Nane kwa Wiki

Mwaka wa saba wa ndoa yetu, mume wangu aliniletea zawadi kwa kirikuu. Vijana wawili waliishusha getini, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Lilikuwa tenki la maji la lita 1,000, jeusi, limejaa vumbi la Ipogolo, hapa Iringa.

"Hongera kwa miaka saba, mama Neema," akasema, akalipiga tenki makofi mawili ubavuni kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani.

Nikasema asante. Kisha nikaingia bafuni, nikajifungia, nikalia kimyakimya. Tangu asubuhi nilikuwa saluni nikisukwa, mtoto nimempeleka kwa mama yake mdogo, gauni limepigwa pasi na kulazwa kitandani. Mimi nilijua kuna mtoko. Yeye alijua kwamba mtaani kwetu maji ya bomba hutoka siku mbili tu kwa wiki, na kwamba mimi ndiye ninayeamka saa kumi alfajiri kukinga ndoo katika baridi hii ya Iringa.

Miaka imepita. Tenki bado lipo, limekaa juu ya msingi wa matofali nyuma ya jiko. Limenirudia kichwani wiki hizi kwa sababu nimekuwa nikisoma hadithi fupi za ndoa, moja baada ya nyingine, usiku, kwenye simu. Nimegundua kitu ambacho sikukiona nilipokuwa mwanafunzi wa fasihi: zimejaa bei. Riwaya ina nafasi ya kuwatembeza wapenzi ufukweni kwa sura tatu. Hadithi fupi haina muda huo. Inabidi ichukue ndoa nzima na kuitia ndani ya kitu kimoja kinachoshikika, na kitu kinachoshikika kina gharama yake, na mtu fulani ameilipa.

Anza na ile ambayo karibu kila mtu aliyepita sekondari amewahi kusimuliwa, hata kama hajui imetoka wapi: "The Gift of the Magi" ya O. Henry, iliyotoka katika gazeti la New York mwaka 1905. Mke kijana, Della, ana dola 1 na senti 87. Kesho ni Krismasi. Anakwenda kuuza nywele zake ndefu kwa dola 20, anamnunulia mumewe mnyororo wa saa wa dola 21, anarudi nyumbani na senti 87. Mume, Jim, naye ameshauza saa yenyewe ili amnunulie mkewe vitana vya kuchomeka kwenye zile nywele. Kila mmoja amebaki na zawadi isiyo na kazi.

Usiku mmoja umeme ulikatika, Neema amelala, nikamsomea Baba Neema hadithi hiyo, nikimfasiria papo kwa papo kwa mwanga wa simu. Nilitaka aione. Nikiri tu, nilikuwa na lengo la kumsuta. Nilitaka afike kwenye zile nywele na vile vitana, kisha alikumbuke tenki.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo.

"Rudia pale kwenye kodi."

Nikarudia. Nyumba yao ni dola 8 kwa wiki. Mshahara wa Jim ulikuwa dola 30 kwa wiki, sasa umeshuka hadi 20.

"Asilimia 40," akasema. "Kodi peke yake inakula asilimia 40. Na umesema huyu jamaa alipoingia alikuwa amevaaje?"

Alikuwa mwembamba, ana miaka 22 tu, anahitaji koti jipya, na hana glavu.

"Hana glavu. Desemba. Huko kwenye barafu." Akatikisa kichwa. "Sasa kwa nini asinunuliwe glavu?"

Nilikasirika. Nilimwambia ndiyo maana hasomi hadithi, kwamba yeye akiona ua anauliza mbolea. Tukalala tumepeana migongo. Lakini lile swali halikunitoka, na kesho yake wakati wa mapumziko shuleni nikaifungua tena hadithi, nikaisoma kwa macho ya mtu wa mbao. Mume wangu ni karani wa stoo kwenye biashara ya mbao. Kazi yake ni kuhakikisha vilivyoandikwa na vilivyomo vinalingana.

Na kweli, glavu zimo. Hakuna aliyemlazimisha O. Henry kuziandika. Angeweza kumwingiza Jim mlangoni na theluji mabegani, ikatosha. Ameandika koti chakavu na mikono mitupu kwa sababu alitaka tuone kitu ambacho Della hakukinunua. Huyu mwandishi hakuwa mgeni wa hesabu: jina lake halisi ni William Sydney Porter, aliwahi kuwa karani wa benki, na mwaka 1898 alihukumiwa kifungo kwa kosa la fedha za benki hiyo. Mtu wa namna hiyo haandiki senti bila kujua anaandika nini.

Halafu nikaona zile dola 1 na senti 87 za mwanzo. Sikuwahi kuzitilia maanani. Zile pesa zimetoka wapi? Della amezidunduliza moja moja, mbili mbili, kwa kumbana mwenye duka, muuza mboga na muuza nyama, mpaka mashavu yanamwaka kwa aibu ya kuonekana bahili. Kwa maneno mengine, mapenzi yote ya hadithi ile yameanzia sokoni, kwa mwanamke anayesema "punguza kidogo, kaka." Kila mama wa Soko Kuu anaijua aibu hiyo, pale unapong'ang'ania shilingi mia mbili ya nyanya huku watu nyuma yako wanaguna.

Na kuna jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo lililonifanya nianze kuandika makala hii. Hawakugusa kodi. Hawakugusa chakula. Saa moja jioni kahawa iko tayari na kikaango kiko jikoni kinasubiri nyama, na maneno ya mwisho ya Jim katika hadithi ni kumwambia mkewe aweke nyama jikoni. Della aliuza kilichokuwa chake, kichwani mwake. Jim aliuza kilichokuwa chake, saa ya baba yake na babu yake. Hakuna aliyemtoza mwenzake. Nimewasikia walimu wakiisifu hadithi hii kwa sababu wale vijana walisahau hesabu. Hapana, waliijua sana. Walijua mfuko upi ni wa nyumba na upi ni wa moyo.

(Aya ya mwisho, ile ambapo mwandishi anakuja mwenyewe kutuhubiria kuhusu mamajusi na hekima, ningeikata kwa kalamu nyekundu. Hadithi ilishaisha kwenye kikaango.)

Sisi huku mifuko hiyo miwili tunaichanganya mapema sana. Ndoa yetu ilianza na kamati. Mwenyekiti, katibu, mhazini, vikao kila Jumapili, kadi za mchango, ukumbusho kwa ujumbe wa simu mpaka watu wakaanza kutokupokea. Bajeti ya mapambo ilijadiliwa kwa saa mbili. Ukumbi ukang'aa, keki ikakatwa, MC akasema mara nane kwamba mapenzi ni matamu. Siku ya nne tulihamia chumba na sebule tukiwa na godoro la kuazima. Ukiniuliza upande upi wa siku zile ulikuwa wa mahaba na upi wa maisha, ningekujibu kwamba mahaba yalikuwa na mhazini na maisha hayakuwa naye. Kicheni pati walau walinipa masufuria. Kungwi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alinifundisha mengi ya chumbani ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha mwishoni akanivuta pembeni akaniuliza, "Na mshahara wake unaujua?" Sikuujua. Nilikuwa na siku tisa kabla ya kuolewa.

Sasa njoo miaka 64 baada ya Della na Jim. Katika mkusanyiko wa Jhumpa Lahiri uliotoka mwaka 1999 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, hadithi ya mwisho inaitwa "The Third and Final Continent". Msimulizi ni Mbengali aliyetoka India kwenda London, na mwaka 1969 anapata kazi katika maktaba ya chuo cha MIT, Marekani. Kabla ya kwenda anaozwa huko Calcutta. Mke anaitwa Mala, ana miaka 27, hawajuani. Usiku tano za mwanzo Mala analia kitandani kwa kuwakumbuka wazazi wake, na yule bwana yuko kando yake anasoma kitabu cha mwongozo wa safari kwa tochi. Hamgusi hata bega. Kisha anapanda ndege, anamwacha asubiri hati zake.

Huko Cambridge anapanga chumba kwa bibi kizee wa miaka 103, Bi Croft. Kodi ni dola 8 kwa wiki.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu, nikamwamsha Baba Neema. "Dola nane! Tena!" Akaniuliza kama ni nyumba ileile. Nikamwambia lala. Sidhani kama Lahiri alimfikiria O. Henry, ni sadfa tu. Lakini ilinikalia vizuri, kama noti ya zamani unayoikuta kwenye mfuko wa koti.

Hadithi hii haina tukio lolote ambalo ungelipigia makofi. Mpangaji anampa yule bibi kodi yake ndani ya bahasha kila wiki, mkononi, kwa heshima, na bibi anaona huo ni wema mkubwa. Mala anafika. Wanaishi kama wapangaji wawili. Asubuhi moja mume anaacha dola chache pembeni ya meza ya jikoni na kwenda kazini. Anaporudi anakuta droo ina kifaa cha kumenyea viazi, meza ina kitambaa, jiko lina mchuzi wa kuku uliotiwa tangawizi na kitunguu saumu.

Kifaa cha kumenyea viazi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Kwa sababu kabla ya hapo Mala angeweza kuwa mgeni aliyekuja na sanduku, anayeweza kurudi. Mtu anayeondoka hanunui kifaa cha kumenyea viazi. Mahaba yenyewe yanakuja baadaye na yanachukua sekunde: mume anampeleka Mala kumtembelea Bi Croft, bibi anamtazama kutoka utosini hadi miguuni, na kutangaza kwamba huyu ni bibiye aliyekamilika. Mume anacheka. Mala anatabasamu. Hapo ndipo, msimulizi anasema, umbali kati yao ulianza kupungua. Bila ua wala mshumaa, ila nina hakika bila zile bahasha na kile kifaa cha jikoni lile tabasamu lisingepata pa kukaa.

Hapa mtu wa hesabu atasema: basi mambo ni hayo, ndoa ya mpango inatosha, mapenzi yatajileta. Asubiri kwanza. Chimamanda Ngozi Adichie ana hadithi katika kitabu chake cha mwaka 2009, "The Arrangers of Marriage", ambayo ukiitazama juujuu ni ileile ya Lahiri. Msichana yatima wa Nigeria, Chinaza, anaozwa na mjomba na shangazi waliomlea kwa daktari aliyeko Marekani. Wanamwambia ni kama wamemshindia bahati nasibu. Anafika Brooklyn. Mume amebadili jina, ni Dave sasa, na anataka mkewe aitwe Agatha. Asiseme biskuti kama walivyozoea kwao, aseme kama Wamarekani. Anapika wali wa nazi, jirani anausifia harufu, na mume anarudi na kitabu cha mapishi ya Kimarekani kinene kama Biblia, maana hataki wajulikane kama watu wanaojaza jengo harufu za kigeni.

Halafu inatoka kwamba aliwahi kumwoa Mmarekani ili apate hati, na talaka haijakamilika. Chinaza anauliza kwa nini basi alimwoa yeye. Majibu ni ya mtu aliyekwenda sokoni na orodha: alitaka mke wa Kinigeria, mama yake alisema huyu ni mpole, na ana rangi nyeupe kidogo, itawafaa watoto. Chinaza anafunga sanduku, anahamia kwa jirani, Nia. Na Nia, rafiki yake, anampa ushauri wa hesabu vilevile: subiri upate hati zako kwanza. Kesho yake anarudi na kugonga kengele ya mlango wa mumewe.

Nilichukia mwisho ule. Nilimtaka aende, popote. Lakini ni mwisho wa kweli, na ni mzito kwa sababu sasa hesabu zimekuwa mbili ndani ya nyumba moja, kila mtu na daftari lake. Tofauti ya Dave na yule Mbengali wa maktaba haiko kwenye upole tu. Mbengali alilipa kodi yake mwenyewe. Maisha ya Dave yamelipiwa na Chinaza: jina lake, lugha yake, wali wake wa nazi. Na hakuulizwa.

Kwa hiyo nikawa nimejipatia kanuni nzuri, nikaenda nayo kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili kutoka Mombasa niliyefahamiana naye kwenye semina. Nikamwambia tatizo si kupiga hesabu, tatizo ni kuzipiga peke yako. Wakikaa mezani wote wawili, mambo yatakwenda. Akanicheka kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. "Wewe shoga yangu, hujasoma 'Masharti ya Kisasa'?"

Nilikuwa sijaisoma. Ni hadithi ya Alifa Chokocho katika "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine", kitabu ambacho wanafunzi wa sekondari Kenya wamekifanyia mitihani. Dadi anauza samaki kwa baiskeli. Kidawa, mkewe, alikubali kuolewa kwa masharti, likiwemo la kugawana kazi za nyumbani. Dadi akakubali. Walikaa mezani wote wawili! Kisha Kidawa ana kazi shuleni, na jioni anachuuza bidhaa, na Dadi anabaki na wivu wake. Unamla taratibu, mpaka anakwenda kumnyemelea mkewe usiku kazini, anaparamia ukuta, anaanguka, anaumia.

Kanuni yangu ikaanguka naye. Dadi aliulizwa na akasema ndiyo. Alichokubali ni kumpata Kidawa, na masharti aliyabeba kama mtu anayesaini mkataba wa mkopo bila kusoma ukurasa wa pili. Kila sahani aliyoosha aliiandika moyoni kama deni. Wanaume wa namna hiyo nawajua, na wanawake pia, mimi nikiwa mmojawapo kwa miezi kadhaa baada ya lile tenki. Nilikuwa nikikinga maji kwenye koki yake, nikipika kwa maji yake, huku daftarini mwangu nimeandika: hakunipeleka mtoko.

Nchini kwetu daftari hizo hufunguliwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mali iliyochumwa pamoja kugawanywa ndoa ikivunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Kupika, kufua, kulea, kukinga ndoo. Ni uamuzi muhimu sana na ninaufundisha kwa wasichana wangu hata kama haumo kwenye silabasi. Ila inasikitisha kidogo, sivyo? Kwamba mara ya kwanza mtu anasema kwa sauti "ulichofanya kilikuwa na thamani", anasema hakimu, na ndoa yenyewe imekwisha.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chanjo ya Neema, ile kadi, kwenye kabati la juu. Nikakuta kibubu. Kimetengenezwa kwa masalia ya mbao, kimepigwa randa vizuri, juu kina mwanya wa kutosha sarafu na noti iliyokunjwa. Chini kimevunjwa na kugongomelewa tena upya. Pembeni, kwa kalamu ya seremala, ameandika tarehe: siku mbili kabla ya lile tenki. Juu ya tarehe hiyo kuna mistari midogo midogo, mafungu ya tano tano kama wanavyohesabu mbao, mingi mno. Nilikaa kitandani nikiihesabu mpaka ikanichanganya.

Sikumwambia nimekiona. Nilikirudisha mahali pake.

Juni imeingia, na baridi ya Juni hapa Iringa huijua anayepanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi kuteremka Ipogolo. Jumamosi nilikwenda kwenye mitumba nikachambua fungu la glavu mpaka nikapata za ngozi, za kahawia, zote mbili za pea moja, ndani zina manyoya. Nilizifunga kwenye karatasi ya gazeti, nikaziweka juu ya sahani yake ya chakula cha jioni.

Akazivaa palepale. Akakunja ngumi, akakunjua, akazitazama vidoleni.

"Umenunua shilingi ngapi?"

"Elfu nane."

"Elfu nane!" Akazivua moja, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. "Wangekupa kwa tano."

Alikula ugali kwa mkono wa kulia. Ile ya kushoto hakuivua.